Mtoto Akililia Wembe: Funzo la Maisha ya Browning

Miongoni mwa methali ambazo sisi walimu huzitegemea sana ni ile isemayo kwamba mtoto akililia wembe mpe. Twaipenda kwa sababu inatuvua lawama. Mtoto akijikata, sisi husema kwamba alionywa akakataa kusikia, basi damu yake na imfunze. Leo nadiriki kuipinga methali hiyo, na shahidi wangu ni marehemu John Moses Browning, Mmarekani aliyefariki mwaka 1926, ambaye alitumia maisha yake yote kubuni na kutengeneza bunduki.

Naam, msomaji ana haki ya kushangaa. Mwalimu mstaafu ana nini na bunduki? Chanzo ni barua. Mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anaishi Marekani amejiunga na chama cha kulenga shabaha, mchezo ambao ulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896 na ambao huko aliko una wafuasi wengi. Alikuwa akitafuta bunduki ya kuanzia, ile ndogo inayojipakia risasi yenyewe, na muuzaji akamwonyesha moja ambayo muundo wake ni wa mwaka 1914. Aliniandikia kunieleza alivyostaajabu kwamba kitu cha zamani namna hiyo kingali kinapendekezwa kwa mwanagenzi. Kisha, mwishoni mwa barua, akanikumbusha kisa cha mwenzake mmoja wa darasani, kisa ambacho nilitamani kiwe kimesahauliwa. Nitakisimulia. Lakini kwanza nianze na huyo aliyeibuni bunduki hiyo.

Browning alizaliwa Januari 1855 katika mji wa Ogden, eneo la Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa mfua vyuma na fundi wa bunduki. Alikuwa muumini wa madhehebu ya Wamormoni, na alihamia Utah mwaka 1852, kama walivyofanya maelfu ya waumini wenzake waliokuwa wakitafuta mahali pa kuabudu bila kusumbuliwa. Jonathan alikuwa na wake watatu na watoto 22, na katika nyumba kama hiyo mtoto hakukaa bure. John alihudhuria masomo ya darasani kwa muda mfupi tu. Shule yake hasa ilikuwa karakana ya baba yake, ambamo alianza kufanya kazi akiwa na umri wa miaka saba hivi. Alijua majina ya visehemu vya bunduki kabla ya kujua kusoma vizuri.

Kuna kisa kimoja cha utoto wake ambacho jamaa zake walikihifadhi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, siku moja baba yake alipokuwa ametoka, aliokota mtutu wa bunduki mbovu katika rundo la vyuma chakavu, akauunganisha na kipande cha ubao alichokichonga mwenyewe, akapata kitu kinachofanana na bunduki. Yeye na nduguye mdogo, Matthew, wakaenda nacho mbugani, wakarudi na ndege wa kitoweo. Baba aliporejea na kupata habari, hakutafuta kiboko. Alikitaka kile kitu, akakigeuzageuza mkononi, akakichunguza kila upande. Kisha akamwuliza mwanawe kama kweli mtoto anayekaribia miaka kumi na mmoja hawezi kutengeneza bunduki nzuri kuliko ile. Mtoto aliondoka kwa haya, akaenda kukifumua kipande kwa kipande.

Ndugu mwalimu, hebu tulitafakari jambo hilo. Jonathan angeweza kumcharaza mwanawe kwa kosa la kucheza na kitu cha hatari. Angeweza pia kumsifu bila kiasi, kama wafanyavyo wazazi wengine wanaodhani kwamba kila alifanyalo mtoto ni ajabu. Au angeweza kufuata methali yetu, amwachie hadi mtutu ule mbovu ulipuke na kumng'oa vidole. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliichunguza kazi, akaipima kwa kipimo cha fundi, akamwonyesha mtoto kwamba haijafika. Wembe ulibaki mezani, lakini mzazi aliketi mezani papo hapo.

Sasa nikirudishe kisa changu. Mwaka 1986 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa ndio kwanza umeanza, nasi tulikuwa tukihimizwa usiku na mchana kwamba mwanafunzi afunzwe kazi za mikono ili ajitegemee. Kulikuwa na mvulana wa kidato cha kwanza, mtulivu, wa wastani katika hisabati, ambaye siku moja alikamatwa bwenini na bunduki ya mchezo. Alikuwa ameitengeneza kwa kipande cha bomba la maji, ubao wa dawati lililovunjika na springi ya kitanda. Ilirusha kokwa za zambarau. Iliwekwa juu ya meza katika chumba cha walimu, tukaizunguka kama watu waliozunguka nyoka. Mmoja akasema ni mwanzo wa ujambazi. Mwingine akasema mali ya shule imeharibiwa. Tulipotakiwa kuamua, nami niliinua mkono pamoja na wenzangu. Mvulana alifukuzwa juma hilohilo, na bunduki yake ikatupwa shimoni pamoja na takataka za jikoni. Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wake wa darasa.

Nimeyasoma maisha ya Browning nikiwa na kumbukumbu hiyo moyoni, na kila ukurasa ulinihukumu.

Mtoto yule wa Ogden alikua. Mwaka 1878, akiwa na miaka 23, alibuni bunduki yake ya kwanza kamili, iliyopiga risasi moja moja. Mwaka uliofuata alipewa hataza, yaani haki ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka huohuo baba yake akafariki. John, Matthew na ndugu zao wengine wakaanzisha kiwanda kidogo. Mwaka 1883 mkuu wa kampuni ya Winchester, Thomas Bennett, alisafiri kutoka pwani ya mashariki ya Marekani hadi Ogden ili amwone kijana aliyetengeneza bunduki bora kuliko za kampuni yake. Aliinunua haki ya bunduki ile kwa dola 8,000, nao ukawa mwanzo wa uhusiano wa karibu miaka 20.

Wapenzi wa historia ya nchi yetu wamekwisha kukutana na kazi ya Browning bila kujua. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 na kupanda gari la moshi kuelekea nyanda za Kapiti, bunduki aliyoipendelea kwa kuwinda simba ilikuwa ya Winchester ya muundo wa 1895. Hiyo ilibuniwa na Browning. Simba wengi waliouawa katika safari ile walikuja kuonekana katika makumbusho ya mbali, na Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Browning mwenyewe alikuwa mlenga shabaha hodari. Yeye, Matthew na rafiki zao wawili walijulikana kote Utah kama timu isiyoshindika kwa urahisi. Uwanja wa shabaha ndio uliomzalia wazo lake kubwa kuliko yote. Siku moja ya mwaka 1889, alipokuwa akimtazama mwenzake akipiga, aliona matete yaliyo mbele ya mtutu yakiinama kila risasi ilipotoka. Watu wengi walikuwa wameliona jambo hilo kabla yake. Yeye aliona nguvu inayopotea bure. Akajiuliza mbona moshi huo wenye nguvu usitumiwe kuipakia bunduki upya. Alirudi karakanani na kuanza majaribio mara moja. Matunda ya majaribio hayo yalikuwa bombomu iliyotengenezwa na kampuni ya Colt mwaka 1895.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1902 alivunja uhusiano na Winchester kwa sababu kampuni hiyo ilikataa kumlipa fungu la kila bunduki itakayouzwa. Akaenda kuionana na kampuni ya Remington, lakini rais wa kampuni hiyo alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo siku ileile waliyopanga kukutana. Browning akaipakia bunduki yake, akavuka bahari ya Atlantiki hadi Ubelgiji, kwa kiwanda kiitwacho FN kilichoko Herstal karibu na mji wa Liège, ambacho tayari kilikuwa kikitengeneza bastola zake. Kuanzia hapo maisha yake yaligawanyika kati ya Ogden na Herstal.

Katika kiwanda hicho ndipo ilipozaliwa bunduki ndogo aliyoonyeshwa mwanafunzi wangu. FN ilianza kuitoa mwaka 1914. Ilikuwa miongoni mwa bunduki za kwanza za risasi ndogo ya .22 kuwa nusu-otomatiki. Maana ya neno hilo si ngumu. Risasi inapopigwa, nguvu ileile inayoisukuma mbele husukuma komeo nyuma. Komeo hutupa nje ganda tupu na kuikaza springi, kisha springi hulirudisha komeo mbele likiwa limebeba risasi mpya. Hata hivyo bunduki haipigi tena mpaka kidole kikiachilie kifyatulio na kukivuta upya. Browning aliziweka risasi ndani ya kitako, akalifanya ganda litokee chini wala si ubavuni, hivi kwamba mtu wa mkono wa kushoto hasumbuki. Bunduki yenyewe ina uzani wa kilo mbili na ushei, na huvunjika vipande viwili kwa mikono mitupu. Hata baada ya miaka 100 kupita, ilikuwa ingali ikitengenezwa.

Humo mna somo kwa yeyote anayechagua bunduki ya kwanza ya uwanja wa shabaha. Mwanagenzi hahitaji nguvu. Anahitaji risasi ndogo isiyompiga teke begani, kwa kuwa bega likiumia jicho hujifunza kufumba. Anahitaji risasi ya bei nafuu, kwa kuwa shabaha hupatikana kwa mazoezi mengi. Kitako kilingane na urefu wa mkono wake, uzani usimchoshe, kizuizi cha usalama kiwe rahisi kukifikia kwa kidole, na bunduki iwe rahisi kufunguliwa na kusafishwa. Aidha, ajue kishawishi cha nusu-otomatiki, ambacho ni kupiga haraka kabla ya kujua kupiga vyema. Ndiyo maana wako wakufunzi wanaomtaka mwanagenzi apakie risasi moja moja kwanza, hata kama bunduki yake ina nafasi ya risasi kumi na zaidi. Mwanafunzi wangu alifuata ushauri huo. Huko aliko ana sheria zake, nasi huku tuna zetu. Nchini Kenya hakuna anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hata iwe ndogo kiasi gani.

Lakini mwaka 1914 haukuleta bunduki ya shabaha peke yake. Juni 28 mwaka huo, katika mji wa Sarajevo, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mwanafunzi, Gavrilo Princip, alimwua mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe. Bastola aliyoitumia ilibuniwa na Browning na kutengenezwa katika kiwanda kilekile cha Herstal. Vita Vikuu vilikuwa na sababu nyingi, wala haifai kuitwika bastola moja mzigo wote. Hata hivyo, cheche ilitoka hapo. Mwezi Agosti majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji, yakauteka mji wa Liège pamoja na kiwanda cha FN. Mwezi huohuo wa Agosti, maelfu ya kilomita kusini, wanajeshi wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika wakaiteka Taveta.

Hapo ndipo habari za fundi wa Ogden zinapoingia majumbani mwetu. Babu zetu hawakuujua mji wa Sarajevo, wala hawakuwa na ugomvi na mfalme yeyote wa Ulaya. Hata hivyo walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakabebeshwa vyakula na risasi kutoka Voi hadi Tanganyika na mbali zaidi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, malaria na kuhara. Majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Mwanafunzi anayepita pale sokoni kununua kiondo anapita juu ya historia hiyo.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Browning aliipatia serikali yake bombomu mpya na bunduki nyingine ya rasharasha, akakubali malipo madogo mno kuliko ambayo angeweza kudai. Mwanawe, Val, aliyekuwa luteni, ndiye aliyekwenda Ufaransa kuwaonyesha askari jinsi ya kuitumia. Bombomu kubwa ambayo Browning alianza kuibuni mwaka 1918 ingali mikononi mwa majeshi mengi ulimwenguni, yakiwamo ya bara letu. Novemba 26, 1926, akiwa na miaka 71, alifariki kwa ugonjwa wa moyo katika kiwanda cha Herstal, kazini, karibu na mwanawe. Alikuwa amejipatia hataza 128.

Nini basi tuseme juu ya mtu huyu? Wako watakaomsifu kwa akili zake, na wako watakaomlaani kwa damu iliyomwagwa na vyombo vyake. Mimi naona hatuna budi kuyashika yote mawili. Mkono uleule uliompa mwanagenzi bunduki ya upole ya kujifunzia ndio uliompa Princip bastola. Kipaji hakikujua tofauti. Chuma hakina dhamiri, wala springi haiulizi inamsukumia nani.

Hapo ndipo naiona kasoro ya swali la mzee Jonathan, pamoja na uzuri wake wote. Alimwuliza mwanawe kama hawezi kutengeneza kizuri zaidi. Hilo ni swali la kwanza la mwalimu wa kweli, na mimi nilishindwa hata kulifikia. Lakini liko swali la pili, nalo ni hili: kitu hiki kitamfaa nani, na kitamdhuru nani? Shule inayouliza la kwanza peke yake hutoa mafundi wasiojali. Shule inayoanza na la pili, tena kwa kiboko, haitoi fundi yeyote. Mtaala wa sasa wa umilisi, ulioanza mwaka 2017, unatutaka tena tuvitambue vipaji vya watoto mapema. Ni jambo jema. Ila nahofu kwamba tutafanya tulivyofanya mwaka 1986, tukahubiri kazi za mikono asubuhi na kuitupa shimoni kazi ya mtoto jioni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikutana na mvulana wangu yule. Sasa ni mtu mzima, fundi wa pampu za maji katika mji mmoja mdogo, na wakulima humfuata kutoka mbali. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniita mwalimu kwa heshima ileile ya zamani, akanipa kiti. Nilimwomba radhi. Alicheka, akaniambia kwamba viboko alivisahau, na hata kufukuzwa alikusahau, kwani alipata kazi kwa mjomba wake aliyekuwa na gereji. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba ile bunduki ililala mezani petu siku nzima, na katika walimu wote wale hapakutokea hata mmoja wa kuifungua aone jinsi alivyoitega ile springi.

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina. Ndiyo sababu nimeyaandika haya. Walimu wenzangu, mtoto akililia wembe, tusimnyang'anye tukamfukuza, wala tusimpe tukaenda zetu. Tuketi naye. Tumwulize ameunoa vipi na anataka kukata nini. Nanyi wanafunzi, mkiulizwa maswali hayo msikasirike, kwa kuwa anayewauliza ndiye aliyeitazama kazi yenu.